Dripu, uloto au seli zilizofundwa: kuchagua tiba ya lukemia kali ukiwa Dodoma

Mzee mmoja wa Kongwa alinipigia simu jioni. Tulipomaliza kuamkiana, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mwalimu, kijana wangu amenionyesha kwenye simu habari za dawa mpya ya damu. Wanachukua damu ya mtoto, wanaifundisha, wanairudisha mwilini, mtoto anapona. Nina ng'ombe kumi na wanne. Niwauze wote tumpeleke India?"

Mjukuu wake wa miaka sita alikuwa na siku nne tu tangu familia iambiwe ana saratani ya damu.

Mimi si daktari. Nafundisha baiolojia sekondari hapa mjini. Mzee alinitafuta kwa sababu mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliugua ugonjwa huohuo, na kwa karibu miaka mitatu nimekaa naye kwenye mabenchi ya kliniki, nimebeba chupa za maji na mafaili, nimeuliza maswali mpaka wauguzi wakanizoea. Tangu hapo napigiwa simu na watu wa Mpwapwa, Bahi, Manyoni, hata Singida. Swali lao karibu ni lilelile: kati ya dawa za dripu, kupandikiza uloto (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu), na hii tiba mpya ya seli za kinga, tuchague ipi?

Nimeamua kuyaandika majibu yangu mahali pamoja. Daktari wako ndiye mwenye uamuzi wa kitabibu. Ninachoweza kukupa ni namna ya kukaa mbele yake ukiwa unajua unachouliza.

Vigezo, kabla ya kulinganisha chochote

Cha kwanza ni jina kamili la ugonjwa, na hapa naomba msomaji atulie. Lukemia kali ni ukoo wenye watu tofauti. Ipo ya limfoblasti, ambayo kwenye karatasi ya majibu huandikwa ALL. Ndiyo saratani inayowapata watoto kuliko nyingine yoyote, nayo imegawanyika: nyingi huanzia kwenye seli B, chache kwenye seli T, ambazo ni aina mbili za seli za kinga. Ipo ya mieloidi, AML, inayowapata zaidi watu wazima. Neno "kali" hapa linahusu mwendo wake. Bila tiba, ugonjwa huu huhesabiwa kwa wiki. Familia inayosema "ana saratani ya damu" na kuishia hapo haijapata bado kitu cha kulinganishia.

Cha pili: ugonjwa uko wapi katika safari yake? Ndiyo kwanza umegundulika, haukusikia dawa, au ulipotea ukarudi? Baada ya hapo nitaangalia kila tiba inavyofanya kazi, muda inaochukua, madhara yake, na inapatikana wapi kwa gharama gani. Nitatumia vigezo hivyohivyo kwa zote tatu, ingawa zingine zina mengi ya kusema kuliko nyingine.

Dawa za kemikali, yaani dripu na vidonge

Inafaa nani. Karibu kila mgonjwa mpya wa lukemia kali huanzia hapa, Dodoma hata Boston. Kwa watoto wenye ALL hii ndiyo tiba iliyobadilisha historia. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Sidney Farber wa Boston alionyesha kwamba dawa inaweza kuufukuza ugonjwa kwa muda. Kuanzia 1962, Donald Pinkel na wenzake wa hospitali ya St. Jude, Memphis, wakaunganisha dawa nyingi kwa pamoja, wakalenga hata ubongo na uti wa mgongo ambako seli mbaya hujificha. Leo, kwenye nchi tajiri, karibu watoto 90 kati ya 100 wenye ALL hupona kwa njia hiyo.

Inavyofanya kazi. Dawa huua seli zinazogawanyika haraka. Vinkristini, asparajinesi, steroidi, metotreksati: majina haya utayazoea. Baadhi huingia kwa mshipa, nyingine kwa sindano ya mgongoni, nyingine ni vidonge vya kunywa nyumbani.

Muda. Kwa ALL ni miaka miwili hadi mitatu, na hapa ndipo familia zetu zinapoanguka. Baada ya mwezi wa kwanza mtoto anarudisha mashavu, anacheza mpira, kipimo cha uloto kinasoma safi. Ndugu wanasema amepona, turudi shambani, mvua zimeanza. Hajapona. Seli zilizobaki hazionekani kwa darubini lakini zipo, na vidonge vya miezi inayofuata ndivyo vinavyozimaliza. Dada yangu alichora kalenda ukutani kwa mkaa, akaweka alama kila usiku mtoto alipomeza merkaptopurini. Metotreksati ya vidonge ilikuwa na alama yake peke yake, kila Jumapili, kwa sababu hunywewa mara moja kwa wiki. Ukiinywesha kila siku kwa kukosea, inaweza kuua.

Madhara. Nywele kunyonyoka ndilo dogo kuliko yote. Kubwa ni kinga kushuka. Homa ya nyuzi 38 kwa mtoto aliye kwenye dawa hizi ni safari ya hospitali usiku huohuo, si panadol na kusubiri asubuhi. Na kwa sisi wa Dodoma kuna jambo la vumbi. Fangasi wa aspergilasi hukaa kwenye udongo na vumbi, na mji wetu unajengwa kila kona. Tulimhamishia mpwa wangu chumba cha nyuma, mbali na barabara, tukapiga deki kwa maji badala ya kufagia. Maziwa tulichemsha, mboga tulipika zikaiva sawasawa, hata mlenda aliokuwa akiupenda ulipikwa upya kila mlo.

Wapi na gharama. Hii ndiyo tiba iliyo karibu nasi kuliko zote. Kwa watoto, Muhimbili ndicho kitovu, na kwa ushirikiano na shirika la Tumaini la Maisha matibabu ya saratani ya watoto hutolewa pale bila malipo. Ocean Road inajulikana kwa saratani za watu wazima. Hapa Dodoma mlango wa kuanzia ni Hospitali ya Benjamin Mkapa. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, safari ya Dar es Salaam imekuwa ya saa chache, na mtoto aliyechoka hukaa vizuri kuliko kwenye basi. Gharama inayobaki ni nauli, chakula, na mzazi mmoja kuacha kazi. Msiidharau. Ndiyo inayowarudisha watu nyumbani tiba ikiwa nusu.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kwenye nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, lakini kwenye nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati ni chini ya asilimia 30. Kinachofanya tofauti hiyo ni ugonjwa kuchelewa kutambuliwa, dawa kukosekana, na tiba kukatishwa. Mpwa wangu alitibiwa malaria mara tatu kwenye zahanati moja kabla ya mtu kuagiza picha kamili ya damu. Wiki sita zilipotea hivyo.

Kupandikiza uloto

Inafaa nani. Wagonjwa wengi wa AML yenye hatari kubwa mara tu dawa zinapoufukuza ugonjwa, na wagonjwa wa ALL ambao ugonjwa umerudi au haukutoweka vizuri. Mtoto mwenye ALL ya kawaida anayeitikia dawa kwa kawaida hahitaji uloto.

Inavyofanya kazi. Uloto wa mgonjwa unafutwa kwa dawa za kiwango cha juu, wakati mwingine na mionzi ya mwili mzima, kisha anapewa seli shina, yaani seli mama za damu, za mtu mwingine. Zinaingia kwa mshipa kama damu ya kawaida, hakuna kupasuliwa. Kinga mpya inayoota huisaka saratani ya mgonjwa. Ni E. Donnall Thomas aliyeifungua njia hii mwaka 1957, akapewa Tuzo ya Nobel 1990.

Kupata anayelingana ndiko kazi. Kundi la damu si lazima lifanane; kinacholinganishwa ni alama za tishu. Kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kabisa. Familia zetu kubwa zina faida hapa: mwenye ndugu sita wa tumbo moja na baba mmoja ana nafasi zaidi ya asilimia 80 ya kumpata angalau mmoja. Lakini nimeona mzee wa wake watatu akileta watoto kumi na moja wapimwe, akidhani wote wana nafasi sawa. Walio wa mama mwingine hawaingii kwenye hesabu hiyo. Asipopatikana, vituo vyenye uzoefu hutumia mzazi au ndugu anayelingana nusu.

Muda. Wiki kadhaa za kutengwa wodini, kisha siku 100 za kwanza ambazo madaktari huzihesabu moja moja, kisha mwaka au zaidi kabla kinga haijatengemaa. Chanjo za utotoni hurudiwa upya.

Madhara. Seli za mgeni zinaweza kumgeukia mwenyeji wake. Hushambulia ngozi, utumbo, ini. Wengine hukaa na tatizo hilo miaka. Uwezo wa kuzaa mara nyingi hupotea, na hili liongelewe mapema, bila aibu, hasa kwa vijana. Wapo pia wanaofariki kutokana na tiba yenyewe.

Wapi na gharama. Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, na Benjamin Mkapa ikaanza 2023 kwa watoto wenye sikoseli. Nilipoiona habari ile nilisimama sebuleni nikapiga makofi peke yangu, kwa sababu miaka michache nyuma neno hilo lilimaanisha pasipoti na viza. Kwa lukemia, muulize daktari wazi kabisa kama mgonjwa wako anaweza kupokelewa hapa au atahitaji rufaa ya nje, na bima yako inagharamia nini.

Seli T zilizofundwa, yaani CAR-T

Inavyofanya kazi. Naanza na hili kwa sababu ndilo wanaloniuliza kwa mshangao. Seli T ni askari wa kinga. Tatizo la lukemia ni kwamba seli mbaya ni mtoto wa nyumbani aliyeasi: ana sura ya ukoo, askari anampita. Basi madaktari huchukua damu ya mgonjwa, mashine inachambua seli T, na zinapelekwa maabara kama vijana wanavyopelekwa jandoni. Huko hupewa kijenzi kipya cha kinasaba kinachozifanya ziitambue alama iitwayo CD19, iliyo juu ya seli B. Zinaongezwa idadi kwa mamilioni, kisha zinarudi mwilini zikijua kazi yake. Mzizi wa wazo hili ni la Zelig Eshhar na wenzake wa Israeli, mwishoni mwa miaka ya 1980.

Kijenzi hicho hubebwa na kirusi kilichotolewa uwezo wa kuzaliana, mara nyingi cha jamii ya lentivirusi, ambayo ni jamii ya kirusi cha UKIMWI. Nalisema wazi kwa kuwa watu wakilisikia njiani huogopa. Tiba haikuambukizi UKIMWI. Ila baadhi ya vipimo vinavyotafuta vinasaba vya kirusi vinaweza kutoa jibu la uongo baadaye, kwa hiyo mgonjwa abebe karatasi inayoeleza alichotibiwa, na asiache kuitaja kila anapopimwa.

Inafaa nani. Kwa lukemia kali, tiba zilizoidhinishwa ni za ALL ya seli B tu, na ni kwa ugonjwa uliorudi au uliokataa dawa. Kymriah iliidhinishwa Marekani Agosti 2017 kwa wagonjwa wa hadi miaka 25. Kwa watu wazima, Tecartus ilifuata 2021. Mwenye AML haingii hapa. Alama zilizo juu ya seli za AML zipo pia juu ya seli mama za damu, na askari akizifuata atauacha uloto mtupu. Utafiti unaendelea.

Mtoto wa kwanza kuipokea alikuwa Emily Whitehead, wa Marekani, Aprili 2012, akiwa na miaka sita, baada ya ugonjwa kurudi mara mbili. Seli zilipoanza kupigana, mwili wake uliwaka homa mpaka akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Madaktari wakagundua kemikali moja ya kinga imepanda mno, wakampa tosilizumabu, dawa ya baridi yabisi. Akaamka. Miaka zaidi ya kumi baadaye yuko hai, bila saratani.

Kisa hicho ndicho kinachozunguka kwenye simu, na ni cha kweli. Lakini nawaomba wanaokituma waongeze na hesabu hizi. Kwenye utafiti mkubwa uliofungua njia ya Kymriah, wagonjwa 92 waliandikishwa na 75 ndio waliofikia kurudishiwa seli. Wengine ugonjwa uliwatangulia, au seli zao hazikutosha kutengenezwa. Kati ya hao 75, asilimia 81 saratani ilitoweka ndani ya miezi mitatu. Mwaka mmoja baadaye karibu nusu walikuwa bado salama bila ugonjwa kurudi. Kwa watu waliokuwa wameambiwa hakuna kilichobaki, hayo ni makubwa sana. Bado si yale yanayosemwa kwamba kila anayechomwa anapona.

Muda. Sindano yenyewe ni ya dakika chache. Kabla yake kuna wiki tatu au nne za kusubiri maabara, huku mgonjwa akishikiliwa kwa dawa za kemikali zilezile alizotaka kuzikimbia. Baada yake, wiki kadhaa za kukaa karibu na kituo.

Madhara. Homa kali ya kinga iliyompata Emily, iliyowapeleka karibu nusu ya wagonjwa wa utafiti ule kwenye chumba cha uangalizi maalumu. Kuchanganyikiwa na kupoteza usemi kwa muda. Na kwa kuwa seli zilizofundwa hazichagui seli B nzuri na mbaya, mgonjwa anaweza kukaa miaka bila kutengeneza kingamwili, akihitaji kuongezewa kwa dripu mara kwa mara. Nani atamwongezea akirudi Chemba au Itigi? Swali hilo liulizwe kabla ya kukata tiketi. Januari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza pia onyo kuhusu saratani mpya za seli T, zilizotokea kwa wachache.

Wapi na gharama. Haitolewi hapa nchini. Kymriah ilitangazwa 2017 kwa dola 475,000, zaidi ya shilingi bilioni moja, kabla ya kuhesabu wodi. India ilitengeneza yake, NexCAR19, iliyoidhinishwa Oktoba 2023 na kuuzwa karibu moja ya kumi ya bei ile. Ni habari njema kwetu, lakini idhini hiyo ilikuwa ya wagonjwa wa miaka 15 na kuendelea. Mjukuu wa mzee wa Kongwa alikuwa na sita.

Ipo dawa ya kati ambayo watu huichanganya na hii: blinatumomabu. Haibadilishi seli yoyote. Ni kamba inayomfunga askari na adui mpaka wakabiliane, hutolewa kwa pampu mfululizo siku 28. Hutumika zaidi ALL ya seli B iliporudi, na siku hizi hata mapema kwenye nchi tajiri. Iulizie.

Kwa hali yako

Mtu mzima mwenye AML mpya: aanze dawa za kemikali bila kuchelewa, na ndugu wa baba na mama mmoja wapimwe mapema, wakati dawa zinaendelea. Wasisubiri CAR-T. Uliza pia kama ni aina ya promielositi, kwa kuwa hiyo ina dawa zake, tretinoini na arseniki, na hupona vizuri kuliko AML nyingine.

Mtoto au kijana ambaye ALL ya seli B imerudi: hapa ndipo tiba zote tatu zinakaa kwenye meza moja kwa kweli. Uliza ilirudi baada ya muda gani, kwa sababu iliyorudi miaka mingi baada ya tiba mara nyingi huitikia dawa tena. Kama kuna ndugu anayelingana na ugonjwa umefukuzwa, uloto una uzito. Kama dawa hazisikii na familia ina uwezo au mfadhili, CAR-T ya nje inastahili barua ya rufaa, na daktari wa huku awasiliane na wa kule kabla mgonjwa hajapanda ndege. Wafanye haraka. Mgonjwa aliyedhoofika sana huenda asifikie siku ya kurudishiwa seli.

ALL ya seli T iliyorudi: CAR-T zilizoidhinishwa hazimlengi. Mwaka 2022 hospitali ya Great Ormond Street ya London ilimtibu msichana wa miaka 13, Alyssa, kwa seli za mtu mwingine zilizohaririwa vinasaba, kisha akapandikizwa uloto. Ilikuwa ndani ya utafiti. Kwa familia ya hapa, mazungumzo ya kweli ni dawa na uloto.

Ambaye tiba zote zimeshindikana, au mwili hauwezi tena: wapo wauguzi wa tiba shufaa, wa kupunguza maumivu. Kuwaita si kumtupa mgonjwa.

Na mtoto mwenye ALL mpya, kama yule wa Kongwa: dawa za kemikali, leo, na zimalizwe. Nilimwambia mzee hivyo taratibu, nikamweleza kwamba ile tiba ya kwenye simu ipo kwa ajili ya siku ambayo hizi zimeshindwa, na wengi hawaifikii siku hiyo. Akakaa kimya. Kisha akauliza, basi nisiuze ng'ombe? Nikamwambia auze mmoja kwa sasa, wa nauli na chakula cha mama wa mtoto akiwa Dar es Salaam, na awatunze waliobaki vizuri, kwa kuwa safari ni ya miaka miwili na zaidi na kila baada ya miezi kadhaa atahitaji mwingine.